Mnunuzi ameniuliza kuhusu maji, mume wangu anataka ninyamaze

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Mbeya, upande wa Uyole. Nina miaka 46, nina watoto watatu, na nyumba tunayoiuza tumeijenga wenyewe, mimi na mume wangu, kwa tofali za kuchoma tulizokuwa tunanunua tripu moja moja kila mshahara ulipotoka. Vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, na chumba kimoja cha uani tulichompangisha kijana wa bodaboda, ambaye amelipa kodi yake mpaka Machi. Si nyumba kubwa, ila ni jasho letu.

Mwaka huu mume wangu amestaafu. Hamu yake kwa miaka mingi ni kurudi kwao Rungwe alime parachichi, na mimi nilishakubali. Amepata shamba linalopakana na la kaka yake, ametanguliza pesa, na mwenye shamba anataka kumaliziwa kabla mvua hazijaanza. Ndiyo maana nyumba inauzwa kwa haraka.

Kijana mmoja dalali alituletea mnunuzi mwezi Septemba. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mama anayelea watoto wawili peke yake. Alikuja wakati wa jua kali na vumbi, uani pakavu ungeweza kuanika mahindi. Akaipenda. Bei tukakubaliana milioni 55. Akalipa kianzio milioni 15, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa karatasi moja inayosema anauziwa "nyumba kama ilivyo", na zilizobaki anasubiri mkopo wake wa benki utoke.

Sasa Shangazi, tatizo liko chumba cha nyuma. Zamani maji ya mvua yalikuwa yanapita kwenye kiwanja cha jirani wa juu. Jirani akajenga ukuta, na tangu hapo maji yote yanashukia kwetu. Mtaro wa barabarani unakomea kabla ya kutufikia. Ikifika Februari na Machi, mvua ikinyesha usiku kucha, maji yanaingia kwa mlango wa jikoni mpaka chumba kile. Mwaka mwingine ni mara moja tu, mwaka mwingine tunalala tumepanga mifuko ya mchanga mlangoni msimu mzima. Plasta ya ukuta ule ilikuwa inamenyuka. Mwezi wa nane mume wangu alipiga plasta mpya na rangi nyumba nzima. Anasema nyumba ya kuuzwa lazima ipakwe rangi, na sidhani aliwaza vibaya.

Wiki iliyopita mwalimu akanitumia ujumbe kwa simu: "Mama shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Nimekaa nimewaza, hapo nyumbani mvua ikiwa kubwa maji yanaelekea wapi? Naogopa tangu yale ya Itezi." Wewe unajua, Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilishuka Itezi likafukia nyumba za watu. Kwetu si mlimani, lakini hofu yake naielewa.

Nilimwonyesha mume wangu. Akasema, "Aliletwa na dalali, amwulize dalali. Na karatasi inasema kama ilivyo." Nikampigia dalali. Akaniambia, "Mama, mwambie hakuna shida. Ukianza maelezo mengi mteja anaondoka." Katika maongezi hayo hayo nikagundua kwamba alishamwambia mwalimu nyumba ina hati. Sisi hati hatuna, tuna barua ya toleo tu, ile barua ya serikali ya kugawiwa kiwanja. Nilipomweleza mume wangu akasema hilo si letu, sisi hatujasema.

Mpaka leo sijamjibu mwalimu. Ananiamkia kwa heshima, tunasali kanisa moja, na najua mkopo huo ataukatwa kwenye mshahara kwa miaka. Kwa upande mwingine, mume wangu hajawahi kuwa tapeli. Nikimjibu mwalimu ukweli nyuma ya mgongo wake, nimemvua nguo. Akikimbia mnunuzi, shamba limekwenda. Na nyumba iko kwa jina la mume wangu, hata sijui kama neno langu lina uzito wowote. Nimjibu nini Shangazi? Au ninyamaze kama ninavyoambiwa?

Ndaga fijo (asante sana).

Mama wa Uyole

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikairudia. Pole. Kuuza nyumba uliyoijenga kwa mikono yako ni jambo zito hata pale kila kitu kinapokwenda sawa, na wewe juu ya uzito huo umebeba swali la mtu ambalo halijajibiwa. Naelewa kwa nini usingizi umekuwa mgumu.

Nikikusikia vizuri, hali iko hivi. Mnunuzi amewatangulizia pesa nyingi bila kujua mambo mawili: kwamba maji huingia chumba cha nyuma, na kwamba hati aliyoambiwa ipo haipo. La kwanza amekuuliza wewe. La pili hajui hata kwamba ni la kuuliza. Mumeo anaona si kazi yenu kusema, dalali anaogopa mteja kuondoka, na wewe umesimama katikati, ukimpenda mumeo na ukimhurumia mwalimu.

Nilipokuwa nasoma nilitafuta mahali ambapo ninyi wawili na mwalimu mlikaa mkazungumza habari za nyumba yenyewe. Sijapapata. Yeye kaongea na dalali, dalali kaongea na mumeo, mkakutana kwa mwenyekiti kutia sahihi. Kwa hiyo hata hilo la hati, mwalimu anaamini mmelisema ninyi. Hana njia ya kujua lipi limetoka kinywani mwenu na lipi limeongezwa njiani. Dalali simlaumu sana. Kijana wa watu anakula kwa asilimia yake, na biashara ikivunjika hapati kitu. Ila kwa sababu hiyo hiyo, swali la maji ni zito mno kwake kulibeba.

Sasa niruhusu nikuulize mambo machache, si kwa kukukosoa.

Umeniandikia kama vile mumeo ameamua kumficha mwalimu. Lakini maneno uliyonukuu ni "amwulize dalali". Huyo ni mtu anayelikwepa swali, na mtu hulikwepa swali kwa sababu nyingi. Hukunieleza kama ile milioni 15 bado ipo au imeshakwenda kwa mwenye shamba. Kama imekwenda, basi kila ukitaja maji yeye anasikia "tutarudishaje pesa ya watu?" Mwanaume aliyestaafu juzi, ameahidi shamba mbele ya kaka yake, anaweza kuwa na hofu asiyojua pa kuiweka. Je, umewahi kumwuliza habari za shamba kwanza, kabla ya habari za maji? Mkishakula, watoto wakiwa wamelala, ukamwuliza anaogopa nini hasa mwalimu akijua? Inawezekana akakasirika. Inawezekana pia akakuambia jambo ambalo hujalijua, na mkaanza kulihangaikia pamoja.

La pili, wewe na dalali mnaamini kwamba mwalimu akisikia habari za maji ataondoka. Labda. Lakini tazama alivyouliza: maji yanaelekea wapi? Mtu anayetafuta sababu ya kukimbia huwa anauliza kama pesa yake itarudi. Huyu anajaribu kuiona nyumba wakati wa mvua, kitu ambacho Septemba isingeweza kumwonyesha, kwa kuwa mvua zetu za nyanda za juu huanza karibu na Novemba na kutuacha kwenye Aprili au Mei. Huenda anachotaka ni kujua atahitaji kiasi gani cha mtaro. Huenda pia akaogopa kweli na kuomba pesa yake. Siwezi kukuahidi kwamba ukweli utamfanya abaki, na atakayekuahidi hivyo hamjui mwalimu wala hajui benki yake itamwambia nini.

La tatu ni hili la neno lako kukosa uzito. Hapo nataka utulie kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Wakati wa kuhamisha umiliki utaombwa kusaini ridhaa hiyo. Sikwambii hivi ili uichukue kama fimbo ya kumtishia mumeo. Nakwambia ili ujue kwamba huangalii mambo haya kutoka nje ya mlango. Jina lako litakuwa ndani ya mauzo haya, na mwalimu alipokuandikia wewe badala ya mumeo hakukosea mtu.

Mumeo ameshika neno la karatasi, "kama ilivyo", na nisiwe mtu wa kumwonea: ana pa kusimama. Kwa Sheria yetu ya Mikataba, kukaa kimya peke yake kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa udanganyifu, na mnunuzi anatarajiwa kufungua macho. Lakini mambo hubadilika mtu anapouliza. Akijibiwa "hakuna shida" na anayejibu anajua maji yanaingia, hapo si kimya tena, ni maelezo ya uongo, na mkataba uliosainiwa kwa kuyaamini unaweza kutenguliwa kwa ombi la aliyedanganywa. Atakuwa na ujumbe wako kwenye simu yake. Na plasta mpya juu ya ukuta uliokuwa unamenyuka, hata kama ilipigwa kwa nia njema kabisa, itasomwa vingine Februari maji yakishaingia. Hilo likifika Baraza la Kata litasuluhishwa kama linasuluhishika. Likishindikana linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na ninyi mmeshahamia Rungwe, mnapanda gari kushuka Mbeya kila linapoitwa shauri.

Habari ya hati ni tofauti kidogo, kwa sababu hiyo haifichiki. Barua ya toleo ni nyaraka ya heshima, watu wengi Mbeya wanamiliki viwanja kwayo, lakini si hati. Siku mwalimu, au ndugu yake mwenye uelewa, akienda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, jibu litampata. Mkopo wake kama ni wa mshahara, huenda benki isiiulize nyumba kabisa, kwa hiyo anaweza kugundua akiwa ameshamaliza kulipa. Sijui kama mumeo amelifikiria hili: kwamba hapa "sisi hatujasema" ni maneno ambayo mwalimu hatayaamini, kwa sababu dalali aliongea kwa ajili yenu na ninyi mmejua mkaacha.

Basi una njia gani? Naziona kadhaa na hakuna iliyo safi.

Unaweza kumjibu mwalimu mwenyewe, leo, neno kwa neno. Utakuwa umepumua. Lakini mumeo atazipata habari kwa dalali, na jinsi ninavyowajua wanaume wa rika lake, kitakachomuuma ni kwamba alizungukwa. Nyumba inaweza kuuzwa salama, na ninyi mkaingia Rungwe hamzungumzi.

Unaweza kumtumia ujumbe mfupi kwamba swali lake umeliona na utamjibu mkikutana ana kwa ana. Huo ni ukweli na unakupa siku chache za kukaa na mumeo. Hatari yake ni kwamba mtu mwerevu akichelewa kujibiwa anaanza kujijibu mwenyewe, na mara nyingi anajijibu vibaya kuliko hali ilivyo.

Unaweza kumwomba mumeo mumwite mwalimu nyumbani, aje na ndugu yake, mkae barazani, mumwonyeshe mlango wa jikoni, ukuta wa nyuma na barua ya toleo. Mimi njia hii naipenda, nisikufiche, lakini inahitaji mumeo awe tayari, na akilazimishwa atakaa hapo amenuna na mwalimu ataondoka na hofu mara mbili.

Kuna pia njia ya kulishughulikia tatizo lenyewe kwanza. Umesema chanzo ni ukuta wa jirani na mtaro uliokoma njiani. Je, mmewahi kumkabili jirani? Barua yako haisemi. Fundi akija akapima, akawaambia mtaro wa mawe kutoka uzio hadi barabarani ni shilingi ngapi, basi linaloleta hofu linakuwa na bei, na bei huzungumzika. Mnaweza kuchimba wenyewe, au kupunguza kiasi hicho kwenye zile milioni 40 zilizobaki na mwalimu akachimba kwa namna yake. Muwe waangalifu tu msiyasukume maji kwenye kiwanja cha jirani wa chini, maana mtakuwa mmemfanyia alichowafanyia wa juu, na mwenyekiti wa mtaa atawaita tena. Na ukweli mwingine: pesa ya mtaro ni pesa inayotoka kwenye shamba.

Kwenye hati vilevile, mnaweza kwenda pamoja na mwalimu ofisi ya ardhi ya jiji mkiwa na barua ya toleo na risiti za kodi ya ardhi, mkauliza kilichobaki ni nini na kitachukua muda gani. Huenda mkakubaliana auziwe kwa hali hiyo huku akijua, huenda akataka msubiri. Kusubiri kunagongana na mwenye shamba. Je, huyo naye ameshaulizwa kama anaweza kuvumilia mwezi au miwili? Watu wengi huogopa kuuliza muda zaidi, kumbe mwenye mali naye hana mnunuzi mwingine.

Na unaweza kunyamaza. Nimeiweka hii pia kwa sababu ndiyo unayoambiwa uifuate, na sitakuita mtu mbaya ukiichagua. Huenda mvua za mwaka huu zikawa za wastani na yasitokee. Lakini wewe mwenyewe umeniambia anakuamkia kwa heshima na mnasali kanisa moja. Ikinyesha usiku Februari, ukiwa Rungwe, utakuwa unamfikiria nani? Hilo ni swali ambalo mimi siwezi kulijibu kwa niaba yako, na mumeo pia hawezi.

Sikuamulii, mwanangu. Wewe unamjua mumeo, unajua ni wakati gani wa siku sikio lake linafunguka, na unajua kaka yake ni mtu wa kusaidia au wa kukoleza moto. Ningeomba tu kwamba chochote mtakachokubaliana na mwalimu, kiwe cha maji, cha hati au cha bei, kiandikwe upya kwenye mkataba wa mauziano ulio kamili, mbele ya wakili. Ile karatasi ya kwa mwenyekiti ni mwanzo mzuri, lakini sijaona humo nani atalipa kodi. Serikali inatoza asilimia 10 ya faida inayopatikana katika kuuza nyumba, na hiyo ni ya muuzaji. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa kawaida anaubeba mnunuzi. Wengi hukumbushwa haya wakiwa wameshagawana pesa, na hapo ugomvi unaanza upya kati ya watu waliokuwa wamemaliza vizuri. Kwa kuwa mumeo ameshapiga hesabu ya shamba, mwulize kama kodi hiyo aliiweka. Tunza risiti zote za ujenzi unazoweza kuzipata, hata za tofali zile za tripu moja moja, kwa sababu gharama mlizotumia ndizo zinazopunguza hiyo faida.

Liko jambo moja ulilitaja ukapita. Yule kijana wa bodaboda wa chumba cha uani amelipa mpaka Machi. Je, mwalimu anajua kwamba anahamia nyumba yenye mpangaji? Na kijana mwenyewe, ameambiwa kwamba nyumba imeuzwa? Kama kodi yake ya miezi iliyobaki mnayo ninyi, mtakubaliana vipi: arudishiwe, ipunguzwe kwenye bei, au abaki mpaka muda wake uishe? Huyu hana dalali wala mwenyekiti wa kumsemea. Labda kwa kumwanzia yeye, jambo dogo ambalo mumeo hana sababu ya kuliogopa, mtapata pa kuanzia na hayo mengine.

Niandikie tena mkishaongea.

Shangazi